Kuku Akiugua: Ya Kutibu Nyumbani na ya Kumwita Afisa wa Mifugo

Katika maboma mengi ya Kabati, Kitui Magharibi, kuku wa kienyeji ndiye akiba ya karibu. Jogoo akiuzwa sokoni, karo iliyopungua hujazwa au nauli ya hospitali hupatikana. Kuku kumi wakifa kwa wiki moja, pigo hilo ni la nyumba nzima. Ni vyema basi mfugaji ajue ni yapi anaweza kuyashughulikia mwenyewe na ni yapi hayawezi kungoja.

Vidonda na mivunjiko
Kuku aliyejeruhiwa na mwewe au mbwa atengwe kwanza, kwa sababu wenzake wakiona damu humdonoa zaidi. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo, kisha kipakwe iodini. Mguu uliovunjika sehemu ya chini waweza kufungwa kijiti chepesi na kitambaa, bila kukaza, kwa wiki mbili hadi tatu. Mfupa ukitokeza nje, heri kuku achinjwe.

Viroboto na utitiri
Viroboto wanaong'ang'ania kandokando ya macho na kilemba hufa wakipakwa mafuta mazito ya kujipaka. Mafuta yasiingie machoni. Banda lifagiliwe, matandiko yachomwe, na poda inayotumika iwe ya kuku. Dawa ya kunyunyizia mimea shambani ni sumu, isitumiwe kabisa.

Kuhara damu
Vifaranga wa wiki tatu hadi sita wakijikunyata na kuhara damu, huenda ni koksidiosisi. Ugonjwa huu hupenda matandiko yenye unyevu, hasa wakati wa mvua. Dawa yenye amproliamu hupatikana kwenye agroveti na huchanganywa na maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Matandiko yabadilishwe, la sivyo ugonjwa utarudi.

Ndui
Vipele kwenye kilemba na kandokando ya mdomo ni dalili ya ndui, ambayo huenezwa na mbu. Ni virusi, hivyo haina tiba. Vipele hupakwa iodini ili visioze, na walio wazima huchanjwa.

Kideri: hakuna tiba
Kuku akihara kijani, akipumua kwa shida, akipinda shingo au kupooza miguu, na wengine wakifa haraka, mfugaji ashuku kideri. Nchini Kenya ugonjwa huu uliripotiwa mara ya kwanza Mombasa mwaka wa 1935. Hauponywi na viuavijasumu, pilipili wala shubiri. Kinga ni chanjo pekee.

Chanjo ya tone moja jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hupewa kuku wazima, na huchukua wiki moja hadi mbili kuleta kinga, kwa hivyo kungoja mpaka jirani apoteze kuku ni kuchelewa. Ihifadhiwe mahali baridi, mbali na jua. Kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi, majirani wanaweza kuchanga na kuchanja siku moja.

Kosa linaloumiza kijiji kizima ni kukimbiza kuku wagonjwa sokoni kabla hawajafa. Mnunuzi hubeba ugonjwa hadi kwake, na maboma yaliyokuwa salama huanza kuzika. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, mlipuko wa ugonjwa kama huu unapaswa kuripotiwa. Mizoga ichomwe au izikwe kina kirefu, wala isitupiwe mbwa.

Kuku mgeni, hata akiwa zawadi, atengwe siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine. Kuku aliyepewa dawa asichinjwe wala mayai yake yasiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite.

Kuku wawili wakifa kwa siku moja bila sababu inayojulikana, mfugaji asisubiri wa tatu. Ampigie simu au amwendee afisa wa mifugo wa wadi yake siku hiyo hiyo.