Kusimama Ni Kazi: Moyo wa Mwanaanga na Miguu ya Mtu wa Kigali

Tarehe 20 Novemba 2019, kijisanduku cha Rwanda kilisukumwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga kikabaki kikielea peke yake juu ya dunia. Kilikuwa setilaiti, kikiitwa RWASAT-1. Urefu wake sentimita 30, upana na kimo sentimita 10. Mtu angeweza kukibeba kwapani. Wahandisi wa Rwanda walikiunda kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Tokyo ili kisaidie kufuatilia mashamba, na mlango kilikotokea ulikuwa wa maabara ya Wajapani iitwayo Kibo. Kwa Kijapani neno hilo ni tumaini. Kufanana kwake na jina la kilele cha Kilimanjaro ni sadfa tu, lakini msomaji wa Afrika Mashariki akitabasamu hatalaumiwa.

Kijisanduku hicho hakikuwa na moyo wala damu. Waliobaki ndani ya kituo walikuwa navyo. Mmoja wao, Mmarekani Christina Koch, alikuwa ameshamaliza takribani siku 250 huko juu, na wiki moja tu nyuma jarida la madaktari wa Marekani lilikuwa limechapisha habari ya kushtua. Wanaanga 11 walipimwa mshipa mkubwa wa shingo wa kushoto, ule unaorudisha damu kutoka kichwani. Kwa 6 kati yao damu ilikuwa imetuama au inatiririka kinyumenyume. Mmoja alikutwa na bonge la damu iliyoganda.

Damu kwenda kinyumenyume! Ili kuelewa jinsi jambo hilo linavyowezekana, inafaa kwanza kumtazama mtu anayeamka Biryogo, mtaa wa Kigali.

Sekunde chache za alfajiri

Saa kumi na moja, adhana inasikika, mtu anajitoa chini ya chandarua na kusimama. Kabla hajaipata ndara ya pili, damu kati ya nusu lita na mililita 800 hivi imeshateremka kwenye miguu na tumbo, kwa sababu damu ni kitu kizito na dunia inaivuta kama inavyovuta maji ya mvua kwenye miteremko ya Nyamirambo. Kama mwili usingefanya lolote, ubongo ungekosa damu na mtu angerudi chini kama gunia.

Lakini mwili una walinzi. Katika kuta za ateri za shingo, chini kidogo ya taya, na katika upinde wa ateri kuu inayotoka moyoni, kuna vihisi vinavyopima jinsi ukuta wa mshipa unavyotanuka kila moyo unapopiga. Ukuta ukilegea, habari inafika kwenye shina la ubongo papo hapo. Amri inatoka: moyo uongeze kasi, mishipa midogo ya miguu na tumbo ijibane. Nayo misuli ya mashavu ya miguu, kila inapokaza, inazikamua vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na kuipandisha damu juu. Vali ndogo zilizomo ndani ya vena zinaizuia isirudi. Ndiyo maana aliyesimama wima bila kujitikisa, kama mwanafunzi kwenye paredi ya jua kali, huzimia kwa urahisi kuliko anayetembea na ndoo kichwani.

Mwenye ujuzi mkubwa zaidi wa kazi hii katika nchi ya Rwanda anaishi katika mbuga ya Akagera. Twiga ana moyo unaosukuma damu kwa shinikizo la karibu maradufu ya la binadamu, maana kichwa kiko mbali. Basi kwa nini miguu yake haivimbi? Utafiti uliochapishwa mwaka 1987, ambao wanasayansi wa NASA walishiriki, ulieleza kuwa ngozi ya miguu yake ni ngumu na imebana kama soksi ya hospitali. Watu wa anga kumwendea twiga si ajabu: walikuwa wakitafuta dawa ya tatizo lao wenyewe.

Mzigo unapoondolewa

Katika obiti mtu na kituo chake huanguka pamoja kuizunguka dunia bila kugota, hivyo damu haihisi tena kuwa na uzito. Haina chini wala juu. Iliyozoea kukaa miguuni inapanda kifuani na kichwani. Saa chache tu zikipita uso umevimba, pua imeziba kana kwamba mtu ana mafua, na miguu imekonda hadi wanaanga wenyewe wanaitania kuwa ni miguu ya ndege. Shingoni, vena imejaa, na mvuto uliokuwa ukiiteremsha damu kutoka kichwani haupo. Hapo ndipo kutuama kule kunapoanzia.

Vihisi vya kifuani na shingoni navyo vinadanganyika. Vinaona mishipa imejaa, vinahitimisha kwamba maji ya mwili yamezidi. Hamu ya kunywa inapungua, maji yanapotea, na ndani ya siku chache ile sehemu ya majimaji ya damu iitwayo plazma inakuwa imeshuka kwa asilimia 10 hadi 15. Kwa maisha ya angani hesabu hiyo haina kosa. Mwanaanga anaendelea na kazi zake, anajisikia vizuri. Deni linadaiwa siku ya kurudi.

Moyo pia unapungua, maana msuli usiobebeshwa mzigo hunywea. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Scott Kelly, aliyekaa angani siku 340 kati ya 2015 na 2016. Chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, kile cha kushoto, kilikuwa na uzito wa gramu 190 alipoondoka; aliporudi kilikuwa gramu 139. Na hakuwa mvivu, alifanya mazoezi siku sita kwa wiki. Wachunguzi wa Dallas waliotangaza matokeo hayo mwaka 2021 walimlinganisha na mtu ambaye hakuwahi kwenda angani kabisa: Benoît Lecomte, muogeleaji aliyejaribu kuvuka Bahari ya Pasifiki mwaka 2018. Kwa siku 159 aliishi akiogelea karibu saa sita kila siku na kulala chali usiku. Moyo wake nao ulipungua kwa kasi ileile. Maji humbeba muogeleaji, naye amelala kifudifudi, kwa hiyo moyo wake haukuwa na mlima wa kupandisha damu.

Waliozimia, waliobebwa

Dalili zilionekana mapema. Mei 1963 Gordon Cooper alirudi baada ya saa 34 tu angani, na aliposimama juu ya meli iliyompokea moyo ulimwenda mbio na kichwa kikazunguka. Juni 1970 Warusi wawili, Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov, walitua baada ya siku karibu 18 ndani ya Soyuz 9, chombo chembamba kisicho na nafasi ya kujinyoosha vizuri. Watu wenye misuli ya marubani walitolewa wakibebwa kwenye machela.

Tukio la Septemba 2006 lilishuhudiwa na kamera. Heidemarie Stefanyshyn-Piper alikuwa ametua na chombo Atlantis siku moja kabla, baada ya siku 12 angani. Akiwa Houston, mbele ya umati uliokuja kuwapongeza, alianza kusema, akaishiwa nguvu, wenzake wakamdaka. Akasimama tena, watu wakapiga makofi, akaendelea kidogo, magoti yakalegea mara ya pili. Huenda wapo waliocheka. Mpimaji wa moyo asingecheka, kwa sababu alikuwa na takwimu mkononi: katika utafiti mmoja wa wanaanga wa vyombo vya aina ya Atlantis, wanawake wote 5 waliopimwa siku ya kutua walikaribia kuzimia wakiwa wamesimama, ilhali kwa wanaume 30 ilikuwa mmoja kati ya watano. Mishipa ya wanawake haikujibana vya kutosha. Safari ndefu hazikumwonea huruma yeyote. Kati ya wanaanga 6 waliokaa miezi kwenye kituo cha Mir, 5 walishindwa kumaliza kipimo cha kusimama.

Afrika nayo imo katika historia hii, kwa mlango wa pembeni. Patrick Baudry, Mfaransa aliyezaliwa Douala, Kamerun, alisafiri na chombo Discovery Juni 1985 akiwa na kifaa cha altrasaundi cha kutazama moyo ukiwa angani. Ndicho kizazi cha vifaa ambavyo mjamzito wa leo anapimwa navyo hospitalini, ingawa siku hizi vinaenea kwenye mkoba.

Maji ya chumvi na suruali ya kubana

Dawa zilizopatikana ni za kawaida hata zinashangaza. Ya kwanza ni jasho: takribani saa mbili hadi mbili na nusu za mazoezi kila siku, kwenye mashine ya kukimbilia ambako mwanaanga hufungwa kwa mikanda ili asielee, kwenye baiskeli, na kwenye mtambo wa kuvuta uzito. Ya pili ni kunywa maji na vidonge vya chumvi muda mfupi kabla ya kutua, kujaza kidogo kile kilichopotea. Ya tatu ni vazi linalobana miguu na tumbo, ambalo twiga angelitambua. Warusi wana pia suruali ya mpira iitwayo Chibis, inayonyonya hewa kuzunguka miguu na kuivuta damu chini, ili vihisi vikumbushwe kazi yao kabla ya safari ya kurudi.

Mwaka 2019 timu ya Dallas ilitoa majibu ya wanaanga 12 waliokaa karibu miezi sita, wakafanya mazoezi yao bila kukosa, na kuwekewa dripu ya maji ya chumvi walipotua. Walivalishwa kipima presha cha saa 24 huku wakiendelea na shughuli zao. Hakuna hata mmoja aliyezimia. Christina Koch alipotua kwenye baridi ya Kazakhstan Februari 2020, baada ya siku 328, alitolewa ndani ya kapsuli na kukalishwa kwenye kiti kwanza. Kiti kile ni sehemu ya matibabu.

Obiti ya godoro

Hapa ndipo habari inaposhuka Kigali. Mgonjwa aliyelala wiki mbili wodini, mguu umefungwa plasta baada ya ajali ya pikipiki, yuko karibu na Scott Kelly kuliko anavyodhani. Amelala, damu yake imetandazika sawasawa kutoka kichwa hadi unyayo, moyo haupandishi kitu. Mashirika ya anga hulaza watu wenye afya kwenye vitanda vilivyoinamishwa nyuzi 6 upande wa kichwa, hata kwa siku 60, ili kuiga safari ya angani. Na mwaka 1966, huko huko Dallas, vijana 5 walilazwa wiki tatu mfululizo. Walipopimwa tena baada ya miaka 30, ilionekana kwamba zile wiki tatu za kitanda ziliwapunguzia nguvu za kufanya kazi kuliko miaka 30 ya uzee.

Jamaa wanaomwuguza mtu, kwa mapenzi, humwambia asijisumbue, alale tu. Mapenzi hayo yana gharama. Daktari akisharuhusu, mgonjwa aanze kwa kukaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, dakika moja au mbili. Achezeshe vifundo vya miguu, akaze mashavu ya miguu na kuyaachia. Kisha asimame akiwa ameshika kitu, na mtu awe pembeni yake. Akiona giza, arudi akae. Akianguka, alazwe chini na miguu iinuliwe, asikimbiliwe kusimamishwa.

Uangalifu huohuo unamhusu mwenye malaria au kuhara, ambaye maji yamempotea kama ya mwanaanga, pamoja na mjamzito, mzee, na anayetumia vidonge vya presha. Huyu wa mwisho asiviache mwenyewe. Amweleze daktari kwamba akisimama kichwa kinazunguka. Wala asiige maji ya chumvi ya wanaanga: kwa mwenye presha ya kupanda yanaweza kumdhuru.

Kigali ina nafasi ambayo miji mingi haina. Tangu 2016 kuna Jumapili za barabara bila magari, watu wanakimbia, na mezani wahudumu wa afya wanapima presha bure. Kwa kawaida mtu hupimwa ameketi. Mwenye kizunguzungu anaweza kuomba jambo dogo zaidi: apimwe amelala au ameketi, asimame, apimwe tena dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, karatasi hiyo asiitupe. Aende nayo kituo cha afya Jumatatu, pamoja na pakiti za dawa zote anazomeza.