Kabla Hujaishangilia Chanjo Mpya

Hapa Songea malaria tunaiuguza majumbani mwetu. Redio ikitangaza kwamba chanjo mpya "imefaulu majaribio", lazima masikio yasimame. Yasimame, ila uulize haya.

1. Walikuwa wangapi? Mfano mzuri tunao nchini. Huko Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara iliijaribu chanjo ya PfSPZ kwa wanaume wa miaka 20 hadi 30, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Wiki 3 baada ya dozi ya tano walidungwa, kwa ridhaa yao, vimelea hai vya malaria. Kati ya 20 waliochanjwa, 4 hawakuambukizwa. Wenzao 6 waliopewa maji ya chumvi tu waliambukizwa wote.

2. Je, ni bahati tu? Ndilo swali la ile namba iitwayo p: kama chanjo haina nguvu yoyote, bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa namna hii mara ngapi? Hapa p ilikuwa 0.543, yaani mara 54 katika 100. Ni nyingi mno.

3. Walihesabu nini? Hapa ndipo penye utamu. Walipohesabu siku zilizopita kabla vimelea havijaonekana kwenye damu, p ikashuka hadi 0.015, chini ya mpaka uliozoeleka wa 0.05. Watu wale wale, majibu mawili! Watafiti waliyachapisha yote, na nawapongeza kwa hilo. Wa kuogopwa ni mtangazaji anayechukua moja akaliacha la pili. Uliza kipimo kikuu kilikuwa kipi kabla jaribio halijaanza.

4. p kubwa haimaanishi chanjo haifai. Watu 6 wa kulinganisha hawatoshi kuonyesha faida ndogo. Hata ile 20% ya waliosalimika, kwa kundi dogo hivyo, ukweli wake unaweza kuwa popote kati ya 6% na 44%.

5. Walirudia? Wale 4 walidungwa vimelea tena, wiki 24 baada ya dozi ya mwisho, na wote wakasalimika. Inatia moyo sana, ingawa haisemi lolote kuhusu wale 16.

6. Subiri awamu ya tatu, ile ya kujaribu chanjo kwa watu wengi. Chanjo ya R21 ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 4,800 katika nchi nne, Tanzania ikiwemo, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2023. Kwa sasa lala ndani ya chandarua, na homa ikianza, nenda ukapime mapema.