Asidi Kali na Asidi Dhaifu

Wengi wetu hapa Kongowea twaijua siki ya tembo la mnazi, na maji ya betri ya motokaa pia. Zote mbili zina asidi, lakini hazilingani. Katika maji ya betri, karibu kila chembe ya asidi huachia hidrojeni yake, nayo ndiyo iunguzayo; katika siki, huachia chini ya chembe moja kwa kila mia.

Angalieni, wakulima: kuizimua asidi kali kwa maji hakuifanyi dhaifu. Tone likidondokea shati, maji hukauka, asidi hubaki ikala nguo hata ikatoboka. Wala dhaifu si kusema haidhuru: asidi ya siki tupu, isiyotiwa maji, hubabua ngozi.

Maji ya betri yasitiwe kamwe katika chupa ya siki. Mtoto hatajua tofauti mpaka ameyanywa.