Mbuzi Watatu, Kobe Kumi na Watano

Somo letu la leo linatoka mbali. Linatoka katika visiwa vya Galápagos, nchi ya Ecuador, Amerika ya Kusini. Visiwa hivyo viko katika Bahari ya Pasifiki, karibu kilometa 1,000 kutoka pwani ya nchi hiyo. Mstari wa ikweta, ule unaopita Kenya na Uganda, unapita huko pia.

Sisi marafiki wanne tulivizunguka visiwa hivyo kwa siku nane. Mwenzetu mmoja anafanya kazi Ecuador, ndiye aliyetualika. Meli yetu ilikuwa ndogo, abiria 16 tu. Huko meli ya watalii hairuhusiwi kuchukua abiria zaidi ya 100. Tena mgeni hashuki kwenye visiwa vya hifadhi bila kiongozi mwenye leseni.

Hatutaeleza safari yote. Tutaeleza siku tatu za mwisho, maana ndizo zilizotupa somo linalomhusu kila mkulima na kila mfugaji.

SIKU YA SITA: KISIWA CHA ESPAÑOLA

Asubuhi na mapema meli ilitia nanga Española. Tukashuka kwa mashua. Ufukweni walilala simba wa bahari wengi. Huyu si samaki. Ni mnyama anayenyonyesha, anayevua baharini na kupumzika nchi kavu. Hawakutukimbia hata kidogo. Kiongozi akatuambia tukae mita mbili kutoka kwa kila mnyama, tusiguse, tusiwape chakula, wala tusiokote hata jiwe.

Kobe wakubwa wa kisiwa hicho hatukuwaona. Wanakaa ndani kabisa, mahali ambapo wageni hawaruhusiwi. Basi tukaketi, kiongozi akatueleza habari zao.

Zamani kobe walikuwa wengi sana katika visiwa hivi. Halafu zikaja meli za kuvua nyangumi. Kobe anaweza kukaa miezi mingi bila kula wala kunywa. Kwa hiyo mabaharia waliwapakia wakiwa hai, wawe akiba yao ya nyama. Maelfu kwa maelfu walichukuliwa.

Baadaye watu wakaleta mbuzi, wakawaachia visiwani. Mbuzi hawakuwa na mchungaji, wala hapakuwa na chui au fisi wa kuwapunguza. Wakala majani, wakala machipukizi, wakala na dungusi wachanga. Dungusi ni mmea wa miiba wenye maji ndani, nao ni chakula cha kobe. Sasa fikiri mwenyewe: kobe na mbuzi wakienda kwenye chakula kimoja, nani atafika kwanza?

Kati ya mwaka 1963 na 1974 wataalamu walitafuta kobe katika kisiwa chote cha Española. Walipata 14 tu, majike 12 na madume 2. Walikuwa wametawanyika mbalimbali, dume na jike hawaonani. Watoto hawakuwapo.

Hapo mwenzetu mmoja, ambaye ni mfugaji, akauliza: "Kwani kosa la mbuzi ni nini, bwana? Si anakula tu kama alivyoumbwa?"

Kiongozi akajibu: "Kweli mzee, mbuzi hana kosa. Kosa ni la mtu aliyemwachia mahali pasipo na mchungaji wala mpaka."

Akatupa mfano wa kisiwa kingine, kiitwacho Pinta. Mwaka 1959 wavuvi waliacha huko mbuzi watatu, dume mmoja na majike wawili. Baada ya miaka kumi na kitu, mbuzi walikadiriwa kuwa zaidi ya 30,000.

Hebu tupige hesabu, maana wengine watasema ni uongo. Tuseme kundi linaongezeka mara mbili kila mwaka. Watatu watakuwa 6, halafu 12, halafu 24. Mwaka wa kumi watakuwa 3,072. Mwaka wa kumi na nne watakuwa 49,152. Jambo dogo lisipoangaliwa huwa kubwa kwa namna hiyo.

Na kobe wa Pinta je? Mwaka 1971 alionekana mmoja tu, dume. Walimtafutia jike wa aina yake, hakupatikana. Akafa mwaka 2012, na aina yake ikaisha naye. Fedha zote za dunia haziwezi kumrudisha.

SIKU YA SABA: KISIWA CHA SANTA CRUZ

Usiku meli ilisafiri, asubuhi tukafika Puerto Ayora, mji mkubwa kuliko yote ya visiwa hivyo. Hapo pana kituo cha kulelea kobe. Wale 14 wa Española walihamishiwa hapo. Mwaka 1977 dume wa tatu aliletwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani. Wakawa 15. Mwaka uliofuata, 1978, mbuzi wa Española wakamalizwa wote.

Kituoni mayai hukusanywa na kuwekwa katika masanduku yenye joto. Tulistaajabu kusikia kwamba joto ndilo linaloamua. Mayai yakikaa katika nyuzi 28, wengi hutoka madume. Yakikaa katika nyuzi 29 na nusu, wengi hutoka majike. Kila mtoto huandikwa namba mgongoni. Hulelewa miaka minne au mitano, mpaka gamba likomae, ndipo hurudishwa kisiwani kwao.

Watoto wa kwanza walirudishwa Española mwaka 1975. Kazi ikaendelea mwaka hata mwaka. Ilipofika mwaka 2020 kisiwa kilikuwa na kobe wapatao 2,000. Mwezi wa Juni mwaka huo wale wazee 15 wenyewe wakarudishwa nyumbani. Yule dume wa San Diego, aitwaye Diego, alikuwa amepita umri wa miaka 100.

Kazi haikuwa rahisi. Katika visiwa vya Isabela na Santiago palikuwa na mbuzi wengi zaidi. Kati ya mwaka 1997 na 2006 waliuawa zaidi ya 140,000, wengine kwa kupigwa risasi kutoka kwenye helikopta. Wa mwisho walijificha. Basi mbuzi wengi walifungwa redio shingoni wakaachiwa. Kwa kuwa mbuzi hapendi kukaa peke yake, waliwatafuta wenzao, na watu wakawafuata.

Mwenzetu mfugaji alinung'unika: "Na nyama yote ile?" Akaambiwa kwamba mizoga mingi iliachwa ioze hukohuko, irutubishe ardhi, maana kuibeba kutoka porini kungekuwa ghali mno. Hakuridhika sana. Nasi hatukumlaumu. Mtu aliyelala na njaa hasikii habari hiyo kwa furaha. Lakini akakubali kwamba gharama hiyo kubwa isingekuwapo kama watu wa zamani wasingewaachia mbuzi ovyo.

SIKU YA NANE: KUAGANA

Siku ya mwisho tulikwenda uwanja wa ndege wa Baltra. Tulikumbuka kwamba siku ya kufika mizigo yetu ilikaguliwa sana, yasiingie matunda, mbegu wala wadudu wa kigeni. Siku ile tuliona ni usumbufu. Sasa tulielewa. Tukaagana na kiongozi na mabaharia, kila mtu akashika njia yake.

SOMO KWETU

Je, sisi tufanye nini? Hatusemi mfugaji auze mbuzi wake. Mbuzi ni ada ya shule, ni dawa, ni akiba. Tunasema mifugo ilingane na malisho.

Sisi Watanzania tuna mfano wetu. Huko Kondoa mmomonyoko ulikuwa umekula ardhi mpaka makorongo yakatisha. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Wafugaji waliumia, huo ndio ukweli. Lakini majani na miti vilirudi katika vilima vile.

Mambo matatu tuyakumbuke. Kwanza, hesabu mifugo yako na malisho yako kila mwaka. Pili, tenga sehemu ipumzike, na kijiji kizima kikubaliane. Tatu, usingoje mpaka wabaki kumi na wanne. Kuharibu huchukua miaka michache. Kurudisha kobe wa Española kulichukua zaidi ya miaka 40.

MANENO MAPYA

Hifadhi: eneo linalolindwa kwa sheria.
Kukadiria: kutaja idadi bila kuhesabu kimojakimoja.
Mmomonyoko: udongo kuchukuliwa na maji au upepo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kobe 14 wa Española hawakupata watoto kisiwani?
2. Mbuzi watatu wakiongezeka mara mbili kila mwaka, watakuwa wangapi mwaka wa tano?
3. Je, kijijini kwenu malisho yanatosha mifugo iliyopo? Nani aamue sehemu ya kupumzishwa?