Teknolojia ya Nano na Usafi wa Vyombo vya Maziwa

Somo hili limekusudiwa wapokeaji maziwa na kamati za vyama vya msingi.

Uchukuliwe mfano wa chama cha wafugaji wa Chala, wilayani Nkasi. Maziwa hukusanywa alfajiri, humiminwa katika tangi moja, kisha husafirishwa hadi Sumbawanga. Mwanachama mmoja akileta maziwa katika dumu lisilooshwa vyema, hasara haimpati yeye peke yake: tangi zima huchacha, na wenzake hukosa malipo. Sababu yake ni hesabu tu. Bakteria mmoja, apatapo joto na chakula, aweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Kwa saa 7 huwa wamezidi 2,000,000. Baridi ya Ufipa hupunguza mwendo huo, lakini haiukomeshi.

Mwenye kusikia habari za teknolojia ya nano huenda akauliza kama yaweza kumwondolea kazi ya kusugua. Nanomita ni mita iliyogawanywa mara 1,000,000,000. Bakteria wa kinyesi aitwaye Escherichia coli ana urefu wa nanomita 2,000 hivi. Chembe ya nano kwa kawaida haizidi nanomita 100. Fedha, madini yale yale ya bangili, ikifanywa chembe ndogo kiasi hicho hugusana na maji kwa eneo kubwa mno, na hutoa ayoni zinazoharibu ngozi ya nje ya bakteria pamoja na protini zake.

Tanzania inao mfano wake katika usafishaji wa maji. Dk. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, aliunganisha chujio la mchanga na vitu vya nano, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, yenye pauni 25,000. Mchanga huzuia takataka na vijidudu. Vitu vya nano hunasa vinavyopenya mchanga, kama floridi na metali nzito, na hurekebishwa kufuatana na maji ya mahali. Faida yake kwa chama ni dhahiri, kwani kusuuza dumu kwa maji machafu ni kulichafua upya.

Hata hivyo chujio halisugui dumu. Mabaki ya maziwa hufanya gamba, na bakteria hujificha humo chini ya utando wa ute. Fedha ikikutana na protini ya maziwa hushikwa nayo na kupungua nguvu. Klorini nayo vivyo hivyo. Kwa hiyo gamba ndilo la kuondolewa kwanza. Chombo kisuuzwe kwa maji baridi, maana ya moto hugandisha protini. Kisha kisuguliwe kwa brashi, maji ya moto na sabuni, kisuuzwe tena, kimwagiwe maji yanayochemka iwapo ni cha chuma au alumini, na kifudikizwe juu ya uchanja. Dumu la plastiki lililokwaruzwa ndani halina dawa. Wala isinunuliwe dawa yoyote ya vyombo, ya nano au nyingine, bila kuuliza kwanza Shirika la Viwango Tanzania.

Maswali kwa kamati: Mfuko wa chama ukitosha ama chujio moja ama makopo machache ya alumini, kipi kitangulie? Na mpokeaji atamwambiaje mwanachama mzee ambaye maziwa yake yamekataliwa mara ya tatu?