Mbegu za Sungold isiyo chotara: nitajuaje zimetulia?

SWALI: Nimepewa mbegu za nyanya cheri za rangi ya chungwa. Aliyenipa anasema asili yake ni Sungold, ila si chotara tena, na naweza kuhifadhi mbegu kila msimu. Nithibitisheje?

JIBU: Sungold ni chotara ya kampuni ya Tokita ya Japani. Ukipanda mbegu za tunda lake, kizazi cha pili (F2) hutawanyika: mche mmoja huzaa nyekundu, mwingine chungwa, na utamu nao hutofautiana. Mkulima huchagua mche bora, hupanda mbegu zake, kisha hurudia.

Kwa kuwa nyanya kwa kawaida hujichavusha, sehemu ya vinasaba vilivyochanganyika hupungua kwa nusu kila kizazi: 50% kwenye F2, 25% kwenye F3, takriban 3% kwenye F6, na chini ya 1% kwenye F8.

Basi muulize aliyekupa: mbegu hizi ni kizazi cha ngapi? Nani alizichagua, na kwa sifa zipi? Jina pekee halitoshi. Watu wawili wakianza na Sungold ileile wanaweza kuishia na aina mbili tofauti.

Kisha panda miche 20 hivi kutoka tunda moja. Ikifanana kwa rangi, ukubwa, ladha na majani, aina imetulia vya kutosha kwa bustani yako. Ikitofautiana, endelea kuchagua. Vichala vya maua utakavyochukulia mbegu vifunike kwa kitambaa chepesi kabla maua hayajafunguka, nyuki wasikuletee chavua ya jirani.