Uzamifu katika Jioinfomatiki: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutuma Maombi

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 mjini Thika. Mitaa mingi wanamoishi ilikuwa mashamba ya kahawa. Je, ni ekari ngapi zilizogeuka ploti, zilibadilika lini, na maji ya mvua yaliyokuwa yakinywewa na udongo wa mashamba sasa yanapita wapi? Kujibu maswali kama haya kwa picha za setilaiti, ramani za kompyuta na takwimu ndiyo kazi ya jioinfomatiki.

Kaunti inahitaji majibu hayo. Kifungu cha 110 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10 unaotegemea hifadhidata ya GIS. Mpango huo huelekeza barabara, mabomba ya maji na maeneo ya kujenga. Data yake ikiwa na makosa, mkazi ndiye anayeumia.

Kwa wakazi wetu, taaluma hii iko karibu: Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) huifundisha hapo Juja. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, vilevile.

Ramani pekee si uzamifu

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hujifunza kutumia vifaa. Wa uzamili huvitumia kutatua tatizo fulani. Wa uzamifu lazima aongeze maarifa mapya, hasa pale njia zilizopo zinaposhindwa.

Tuchukue mfano wa kahawa ya Ruiru. Picha za setilaiti za Landsat, zinazopatikana bila malipo tangu 2008, zinatuonyesha ardhi yetu ya miaka ya 1980. Lakini kila pikseli yake ni mita 30 kwa 30, yaani mita mraba 900. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni takriban mita mraba 465, kwa hivyo pikseli moja inaweza kubeba ploti mbili: moja ina nyumba, nyingine bado ina mibuni. Setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa 2015, zina pikseli za mita 10, hivyo ploti hiyo hupata pikseli kama 4 au 5. Picha zinaonekana vizuri zaidi, ila miaka ya nyuma haimo. Mtafiti atawezaje kulinganisha aina hizi mbili bila kuhesabu nyumba ambazo hazikuwapo? Hapo ndipo penye swali la uzamifu.

Kuna mtego mwingine. Mwaka 1970 mwanajiografia Waldo Tobler alieleza kwamba vitu vyote vinahusiana, lakini vilivyo karibu vinahusiana zaidi. Mtafiti akiifundisha kompyuta kwa shamba moja kisha akaijaribu kwa shamba jirani, itapata alama za juu. Akiipeleka upande wa pili wa Thika, huenda ikachanganya mibuni na parachichi. Msimamizi mzuri atauliza swali hilo mapema, na atamtaka mwanafunzi atoke ofisini, ashike GPS na kukagua mashamba kwa macho.

Hatua za masomo

1. Shahada ya uzamili katika taaluma inayohusiana.
2. Andiko fupi la wazo la utafiti, na msimamizi aliye tayari kuliongoza.
3. Pendekezo kamili la utafiti, linalotetewa mbele ya jopo.
4. Leseni ya utafiti kutoka NACOSTI.
5. Ukusanyaji na uchambuzi wa data, makala katika majarida ya kitaaluma, kisha tasnifu na utetezi wake.

Kwa viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya 2014, masomo huchukua angalau miaka 3, na mwanafunzi hutakiwa kuchapisha makala mawili. Wengi huchukua muda zaidi, hasa wanaosoma huku wakifanya kazi.

Pima kabla ya kuanza

Uzamifu hukuandaa kwa utafiti, ufundishaji wa chuo kikuu na ushauri wa kitaalamu. Haukupi leseni ya kupima ardhi. Hiyo hutolewa na Bodi ya Wapima Ardhi baada ya mitihani yake. Ukitaka kugawa ploti na kuweka vigingi, fuata njia hiyo.

Uliza pia karo ya miaka yote, si ya muhula wa kwanza pekee, na uliza msimamizi ana wanafunzi wangapi. Jaribu programu ya QGIS, ambayo ni ya bure, kwa kuchora ramani ya kata yako. Ukimaliza, andika swali moja ambalo ramani hiyo imeshindwa kujibu. Swali hilo ndilo la kumpelekea msimamizi.